Sauti Iliyopita Nje ya Waya

Mpira wa ndani wa baiskeli ukiachwa juani na mvuani kwa miaka mingi hupata harufu yake peke yake: lami kidogo, moshi kidogo, na kitu kama dawa ya vidonda. Niliinusa juzi, uwanjani kwetu huku juu ya Lushoto, tulipokuwa tumekwisha kumzika baba. Akina mama walikuwa wanasugua masufuria ya matanga kwa majivu. Baba mdogo alikuwa ameamuru ule mlingoti wa antena ushushwe kabla haujaangukia migomba ya jirani, nao ukashushwa, na kule kileleni, pale waya ulipoungana na mabomba, kukawa na kibonge kama andazi, kimeviringishiwa mpira wa baiskeli. Wakaniwekea mkononi kama watu wanaomkabidhi mwenye sherehe kichwa cha mbuzi.

Nikanusa. Nikangoja nilie. Wapi!

Niseme mapema msije mkaniona nina roho ya jiwe: mimi ni mtu wa vicheko. Shule ya jioni niliyosoma ukubwani, mwalimu alikuwa ananitoa nje mimi kwanza, halafu ndiyo anauliza nani aliyecheka. Lakini tangu ilipokuja simu kwamba baba hatunaye, nimekuwa kama mguu uliokaliwa vibaya. Unaugusa, unajua ni wako, hausikii kitu. Watu wamenikumbatia mpaka mbavu zikalia, mwenyewe sikulia. Basi nikakaa barazani na kile kibonge mapajani, nikakumbuka kipindi kilipopandishwa kule juu, na jinsi nilivyomwomba Mungu kisipandishwe.

Nyinyi wa rika langu mnaukumbuka utaratibu wa zamani. Mama akifa, mtoto haulizwi. Anavalishwa gauni, anaambiwa asimame pale, anapewa chai yenye sukari kuliko siku zote, imekwisha. Mama yangu aliondoka hivyo, majira ya ukungu, ule ukungu wetu ambao ukianika shuka leo unaweza kuitandika mwaka ujao na bado mbichi. Shangazi Eliwaza, dada yake baba, akahamia kwetu kunilea. Na baba, mwalimu wa fizikia mwenye sauti iliyofanya hata wanafunzi wa shule ya jirani wafaulu, akanyamaza.

Hakuwa mkali. Alikula, akashukuru kwa kichwa, akatoka. Kiti cha mama kilibaki mezani mahali pake na kanga yake imetundikwa mgongoni, na hakuna aliyethubutu kuisogeza, hata shangazi ambaye alikuwa anasogeza kila kitu mpaka paka. Kilichoniuma kwa kweli ni kimoja. Kwetu shikamoo haiachwi hewani. Hata mtu anayekuchukia kufa ataiitikia kwanza, ndipo akutukane. Mimi nilikuwa nampigia baba goti asubuhi, nampigia goti akirudi kazini, "Shikamoo baba," naye ananitikisia kichwa na kupita. Marahaba haikuja. Nikahesabu moyoni kwamba mtoto asiyeitikiwa ana deni mahali fulani, na sikujua nimekosa nini.

Alichobaki nacho ni redio yake ya mawasiliano. Alikuwa na leseni ya ile kazi isiyo na mshahara: watu wa dunia nzima hujijengea mitambo, huitana hewani, husalimiana, huambizana kama sauti inafika vizuri, basi, wakaagana kama ndugu. Mtambo ulikaa kwenye kibanda cha mbao chini ya uwanja, upande wa migomba. Antena yake ilikuwa mabomba ya alumini yaliyopangwa sambamba juu ya gongo moja refu, mafupi mbele, marefu nyuma, ili sauti isitawanyike ovyo bali ielekee upande mmoja kama mwanga wa tochi. Kwa chini ilifanana na mifupa ya samaki. Bibi mmoja aliyekuwa anapita na mzigo wa karoti alisimama akauliza huyo samaki mwenyewe walimla watu wangapi.

Kila alasiri, akirudi shuleni, baba alivuta kamba kuizungusha mifupa ile, akaingia kibandani, akafunga mlango. Dirisha la kibanda lilitazamana na dirisha la chumba changu, uwanja mzima katikati. Nilimwona kichwa na mabega, na ule mkanda wa visikilizio vya masikioni. Midomo ilicheza. Sauti haikunifikia.

Halafu ikanifikia.

Nilikuwa nimerithi redio kaseti ya mama, nyekundu, mlango wake wa kaseti umefungwa kwa raba. Alasiri moja niliiwasha bila kaseti, nisikilize tu uvumi wake. Ikasema. Kwakwa kwakwakwa kwa, kama bata aliyefungiwa kwenye debe akahubiri. Sikuelewa neno hata moja, lakini nilielewa nani. Mwendo ule wa sauti niliujua tangu nikiwa mgongoni: inapanda, inatulia kidogo kama mtu anayesubiri jibu, inashuka taratibu. Nikatazama dirishani. Midomo ya baba ilikuwa inakwenda sawasawa na bata.

Mtoto hashindwi kupata maelezo. Mimi nilijiambia kwamba mtu mzima akifiwa sauti yake huvunjika hivyo, kwa hiyo baba anaona haya kuitoa mezani. Anaitumia kwa njia ya redio ya mama, na mimi nikikua nitaielewa, kama nilivyoambiwa nitaelewa hesabu za mafungu. (Hesabu za mafungu bado nasubiri.) Nikapiga goti palepale mbele ya redio. "Shikamoo baba." Ikajibu kwakwakwa fupi. Nilifurahi mpaka usiku ule nilikula ugali wa watu watatu na shangazi akadhani nina minyoo.

Ikawa desturi yetu, au niliyodhani yetu. Kila alasiri: nawasha, napiga goti, nasalimia, bata anajibu kifupi, halafu anaendelea kwa kirefu na mimi namsimulia niliyoyafanya. Mwalimu kanichapa. Kuku wa shangazi kataga kwenye kiatu. Baba alinyamaza nilipokuwa naongea, au niliona hivyo, kisha akaendelea.

Adui wa mambo haya alikuwa Mzee Singano. Nyumba yake ilikuwa chini ya yetu, ng'ambo ya mfereji wa kumwagilia mboga. Alikuwa fundi redio sokoni Lushoto, naye alikuwa na leseni kama baba, mtani wake tangu ujana. Mmoja akienda kanisani na mwingine msikitini, wakirudi wanabishana kuhusu waya. Kuhusu waya tu ndipo baba aliporudisha ulimi, kwa hiyo mimi nilikuwa mwepesi wa kupeleka chai.

"Onga mshi, mghoshi!" Singano alifoka siku moja kabla hajakaa, yaani kwa Kisambaa, habari za mchana, bwana. "Nimekuja kushtaki. Mke wangu amefungulia redio asikie habari. Habari hakuna. Kuna wewe, unalia kama bata mzinga."

"Aifunge," baba alisema.

"Aifunge! Mke wangu huyu huyu? Njoo umwambie wewe, mimi bado nataka kula." Akageuza kiti. "Mwalimu, weka baluni. Pale juu, waya unapoungana na antena. Si lile puto la harusi, mtoto, usicheke; ni kidude tu."

"Antena hii haihitaji."

"Inahitaji."

"Jana nimeongea na Mjapani. Amenisikia kama niko jikoni kwake."

"Sawa. Na mimi nimekusikia kama uko jikoni kwangu. Ndiyo kesi yenyewe hiyo!"

Baba alikunja midomo. Akasema kwamba antena inapinda mwelekeo kidogo tu bila baluni, kidogo ambacho huko Japani hakuna atakayekiona, na kwamba kidude hicho nacho hula nguvu. Kwa mtu asiyesema marahaba ilikuwa hotuba ya Mei Mosi.

Singano akanigeukia mimi, kama watu wanavyofanya wakitaka kumsema mkubwa kupitia mdogo. "Mwanangu, unaujua mfereji wetu. Ukifungua maji yaende kwenye kabichi zako, unaziba pembeni kwa mgomba na udongo, au siyo?"

"Ndiyo, mzee."

"Usipoziba?"

"Yanakwenda kwa jirani."

"Haya! Waya wa baba yako ni mnene, una ndani na una ngozi ya nje. Umeme wa sauti unapanda kwa ndani, na unatakiwa urudi kwa ndani. Lakini antena ina mikono miwili iliyo sawa, na huu waya hauko sawa pande zote. Pale juu pasipozibwa, mwingine unateremka kwa nje ya ngozi, unakuja nyumbani, unaingia redio za watu. Baluni ndiyo mgomba na udongo. Baba yako amekula chuo kizima na mfereji hajui kuziba."

"Najua kuziba," baba akasema, akanywa chai yake, akatazama dirisha la chumba changu. Nilidhani anatazama ukungu.

Mimi nilichosikia katika darasa lile ni kitu kimoja: kuna kidude, kikipandishwa, redio ya mama itanyamaza. Tangu siku hiyo sala yangu ya jioni ilikuwa na kipengele cha tatu. Mungu umlaze mama pema, Mungu ubariki kuku wa shangazi, na Mungu usimpe baba baluni. Na kweli hakumpa. Singano alikuja, akatukana, akaondoka, akaja tena. Akaleta mwenyewe hadi lile duara la chuma cheusi la kuzungushia waya. Baba akaliweka juu ya kabati, likawa linazuia karatasi zisipeperuke.

Ikaja Jumapili ya mavuno. Wasiokulia kwetu nawaeleza: Walutheri tunapeleka mazao madhabahuni, na ibada ikiisha yananadiwa papo hapo. Watu wanashindania jogoo mmoja kana kwamba ndiye anayeamsha jua la Tanzania nzima. Unaweza kununua ndizi zako mwenyewe ulizozitoa asubuhi, na ukashangiliwa. Kwaya mwaka ule ilikuwa imepata kipaza sauti na spika mbili ndefu kama makabati. Mimi nilikaa na shangazi. Baba hakuja, tangu msiba alikuwa haji, Jumapili alishinda kibandani kwake, na watu walijua, na walisema.

Mzee wa kanisa alimwinua jogoo. "Nani anaongeza? Jogoo huyu si wa mchezo! Nani anaongeza?"

"Kwakwakwa kwa," spika zikasema.

Kanisa likalipuka kwa kicheko. Mzee wa kanisa alikuwa mcheshi, akapaza sauti: "Haya, kuna mzee wa nyuma ameongeza, ila meno hajavaa! Nani zaidi?"

"Kwa kwakwa kwakwakwakwa."

Kicheko kingine. Lakini mimi sikucheka. Ilipanda, ikatulia, ikashuka. Miguu ilisimama yenyewe. Katikati ya kanisa lililojaa maboga na miwa, nikapiga goti kuelekea kwenye spika, nikasema kwa sauti safi ya mtoto aliyelelewa vizuri:

"Shikamoo, baba."

Kila kichwa kikageuka, hata cha jogoo. Mama mmoja nyuma yangu akanong'ona, nao mnong'ono wa kanisani husikika mpaka Mombo: "Maskini. Kifo cha mama kimemchukua akili." Shangazi akanikamata mkono, akanitoa nje.

Jioni hiyo nilikuwa chumbani na mlango uko wazi. Shangazi alimsimulia baba yote amesimama, maana alikuwa na hasira za kusimama.

"Kaka, mtoto amesalimia spika. Mbele ya kanisa zima. Wanasema nimpeleke Bumbuli hospitali akapimwe, wengine wanasema aombewe. Mimi niseme nini? Sauti ya antena yako inatembea kama mzimu, na mtoto anaamini ni wewe!"

"Ni mimi," baba alisema.

"Ni wewe! Sasa wewe si una mdomo?"

Nikasikia kiti kinavutwa. Sijui kiti kipi.

"Nitaziba," baba akasema.

Kesho yake alilishusha lile duara kwenye kabati. Harufu ya lehemu ikajaa nyumba nzima. Singano alikuja na ngazi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakusema kitu cha kuchekesha. Walizungusha waya, wakaufunga kwa mpira wa baiskeli usilowe, baba akaweka mguu kwenye ngazi. Nikamfuata.

"Baba, ni lazima?"

Alinitazama. Nilidhani atatikisa kichwa.

"Ni lazima," akasema.

Maneno mawili. Nilikuwa nimeyataka kwa miezi na yakaja yakiwa hayo.

Alasiri iliyofuata niliwasha redio nyekundu. Kule dirishani midomo ya baba ilianza kwenda. Nikapiga goti. "Shikamoo baba." Redio ikavuma shhhh, uvumi msafi, kama mvua juu ya bati la mtu mwingine. Kazi ilikuwa imefanyika vizuri mno. Siku chache nikaendelea kujaribu, halafu nikaacha, nikaisogeza redio ile mbali na dirisha. Kanisani wakasema maombi yamejibiwa.

Sikulia hata hapo, sasa ndiyo nakumbuka. Ganzi hii siyo ya juzi.

Mengine ni maisha, hayana maajabu. Nilikua. Shule niliiacha njiani, nikauza mboga Mombo, nikaolewa, nikajifunza kutengeneza simu, na ukubwani nikajiandikisha masomo ya jioni ya ufundi wa elektroniki huko Tanga, nikiwa mama pekee darasani na mwenye kelele kuliko darasa zima. Baba nilimpigia simu kila Jumapili. "Shikamoo baba." Huko mwishoni alikuwa anaitikia, ndiyo, na simu zetu zilikuwa fupi kuliko tangazo la treni. Mnaendeleaje, tunaendelea, mvua ipo, ipo, haya.

Basi juzi, pale barazani na kibonge mapajani, Mzee Singano akaja kukaa kando yangu. Sasa hivi anatembelea fimbo na meno yamebaki ya mfano. Akakitazama.

"Hicho nimekizungusha mimi," akasema. "Baba yako alishindwa."

"Ulishinda ubishi, mzee."

"Ubishi gani? Mwanangu, baba yako alijua inahitajika tangu siku ya kwanza. Mwalimu wa fizikia asijue? Hakutaka." Akavuta fimbo karibu. "Wewe ulikuwa unasikia bata, kwa sababu ile redio ya kaseti haikutengenezwa kufungua sauti ya namna ile. Mimi nyumbani nina mtambo kama wake. Mimi nilikuwa nasikia maneno."

"Maneno gani?" nikauliza.

"Alikuwa anakuona dirishani unapiga goti. Akiona tu, anasema, 'Marahaba, mwanangu.' Hewani kabisa, dunia inasikia, Mjapani anasikia! Halafu anakuuliza umekula nini. Anakueleza habari za mama yako, alivyokuwa anaimba akipalilia, alivyokuficha kwenye kanga siku ya mvua ya mawe. Nilimwonya, mghoshi, sheria hairuhusu, redio hii siyo ya mambo ya nyumbani. Mwambie mtoto mezani."

"Akasemaje?"

"Akasema, mezani kuna kile kiti. Akasema, huku namwambia yote na haelewi neno, ndiyo maana naweza." Singano akapangusa macho kwa kofia. "Baada ya kuziba aliendelea kukuitikia. Siku kadhaa. Namsikia: marahaba, mwanangu, marahaba, mwanangu. Halafu ukaacha kuja dirishani, naye akaacha. Akabaki na Wajapani."

Mtu mwingine angeangua kilio pale, watu wakamshika. Mimi nilisema, "Ahaa." Nikamuuliza kama aongezewe chai. Akasema aongezewe. Nikaenda jikoni, nikaimimina, nikamletea. Kijana wa vyuma chakavu akauliza kama na kibonge kile kinaenda kwenye gunia pamoja na mabomba. Nikasema hapana, nikakitia mfukoni mwa sweta. Kizito. Kinavuta sweta upande mmoja mpaka leo.

Ila kuna kitu hiki nimekuwa nikikirudia tangu juzi. Kwenye mtihani wa mwisho wa shule ya jioni kulikuwa na swali: je, antena ya kuelekeza upande mmoja inahitaji baluni pale waya unapoungana nayo? Eleza kwa kifupi. Wenzangu waliandika kurasa. Mimi, niliyekuwa nikicheka mtihani mzima hadi msimamizi akanihamisha kiti, niliandika sentensi moja tu, nikapewa alama zote, na mwalimu akaipigia mstari kwa wino mwekundu kuwa mfano kwa darasa:

Inahitaji, ili sauti isirudi nyumbani.